Mkono wetu haukuwa mtupu

Wadau, kuna neno limenichosha. Neno lenyewe ni "ushirikiano". Kila wiki mialiko inatua chumba cha habari: taasisi fulani ya utafiti inasaini ushirikiano na kampuni ya dawa ya Ulaya, chuo fulani kinaingia ushirikiano na maabara ya Marekani, ujumbe fulani umerudi toka kongamano la bayoteknolojia ukiwa na "washirika wapya" kibao. Mikono inashikwa, picha zinapigwa, soda zinanyweka. Kesho yake habari inatoka gazetini na kichwa kilekile cha wiki iliyopita, limebadilishwa jina la kampuni tu. Halafu basi. Hakuna anayeuliza katika ushirikiano huo nani ameleta nini, na nani ataondoka na nini.

Leo nauliza mimi.

Kwanza tuelewane biashara hii inavyoendeshwa. Kila mwaka yanafanyika makongamano makubwa ya kutafutana washirika katika dawa, chanjo na bayoteknolojia. Marekani kuna BIO International Convention, ambalo mwaka 2025 lilikuwa Boston. Ulaya kuna BIO-Europe, ambalo mwaka huohuo lilikuwa Vienna. Ukidhani watu wanavuka bahari kwenda kusikiliza hotuba, umepotea njia. Kazi yenyewe inafanyika pembeni, kwenye vikao vya faragha vya kama nusu saa ambavyo vilishapangwa kwa mtandao kabla mtu hajapanda ndege. Mwenye ugunduzi anaonana na mwenye fedha, mwenye fedha anaonana na mwenye kiwanda. Kinachozungumzwa ni leseni, hataza, asilimia ya mauzo na nani atatawala soko gani. Mwanasayansi anayekwenda pale anakwenda na mwanasheria wake na mtu wa biashara. Na kila anayekaa kwenye kile kiti anajua bei ya alichobeba mkononi.

Sisi je? Tukiulizwa kwa nini tunaambulia makombo, tunajibiwa kwa methali: mkono mtupu haulambwi. Eti hatuna fedha, hatuna viwanda, hatuna hataza, kwa hiyo tushukuru kwa kukaribishwa. Methali hiyo naiheshimu, lakini hapa inatumiwa kutudanganya. Mkono wetu haukuwa mtupu. Nitawapa ushahidi.

Tarehe 26 Mei 2009, pale Bagamoyo, mtoto wa kwanza alichomwa sindano katika awamu ya tatu ya majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Chanjo hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1987 na kampuni ambayo leo inaitwa GSK, katika maabara zake za Ubelgiji, ikishirikiana na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed. Mwaka 2001 GSK ikaingia ubia na shirika la PATH, na fedha za Bill Gates zikamiminika. Safi kabisa. Lakini fedha hizo zote zisingeweza kununua kitu kimoja, nacho ni watoto wanaoishi kwenye malaria kila siku ya Mungu. Ilibidi waje huku. Vituo vilikuwa 11 katika nchi 7 za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania, na hapa kwetu kazi ilifanyika Bagamoyo na Korogwe. Walioandikishwa ni watoto zaidi ya 15,000.

Na msije mkadhani sisi tulitoa mikono ya watoto tu. Tulitoa na vichwa. Dk. Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara aliongoza utafiti wa Bagamoyo, na matokeo yake yakachapishwa kwenye majarida makubwa ya tiba duniani. Ifakara yenyewe haikuanza jana, mizizi yake ni maabara ndogo ya Waswisi iliyojengwa mwaka 1957. Yaani tulikuwa na wataalamu, uzoefu wa nusu karne, wagonjwa na mbu. Bila hivyo hakuna chanjo ya malaria. Kwenye mchezo wa karata hiyo inaitwa turufu.

Sasa tuone turufu ilivyochezwa.

Shirika la Afya Duniani lilipoamua kuijaribisha chanjo hiyo katika huduma za kawaida mwaka 2019, zilichaguliwa Malawi, Ghana na Kenya. Tarehe 6 Oktoba 2021 likapendekeza itumike kwa watoto wa Afrika. Lakini miezi michache kabla, Januari 2021, kikao muhimu zaidi kilikuwa kimeshamalizika: GSK na PATH walikubaliana na Bharat Biotech ya Hyderabad, India, kwamba utengenezaji wa kiini cha chanjo uhamie huko, huku GSK ikibaki na kiungo kinachoamsha kinga ya mwili. Teknolojia ilihama kweli. Ilitoka Ubelgiji, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikatua Hyderabad.

Bahati mbaya ya mara moja? Haya, tutazame chanjo ya pili. R21 ya Chuo Kikuu cha Oxford ilijaribiwa kwa watoto 4,800 katika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Tanzania ilikuwa wapi? Bagamoyo palepale, safari hii chini ya Dk. Ally Olotu. Ikapitishwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, kwa bei ya dola 2 hadi 4 kwa dozi. Inatengenezwa wapi? Serum Institute, Pune, India.

Chanjo mbili za kwanza za malaria duniani. Zote mbili zimepita mikononi mwa watoto wa Bagamoyo, na zote mbili kiwanda kimekwenda India. Jamani!

Wahindi siwaonei kijicho, nawaonea gere ya kujifunza. Serum ilianzishwa mwaka 1966 na mfuga farasi, Cyrus Poonawalla, kwa kutengeneza dawa ya pepopunda kutokana na damu ya farasi. Mwaka 1970 serikali yao ikatunga sheria iliyokataa hataza za dawa zenyewe, ikakubali za njia ya kutengenezea tu. Viwanda vyao vikapata miaka zaidi ya 30 ya kujifunza, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2005. Kwa hiyo Mhindi alipokaa mezani na Oxford hakuwa anaomba. Alikuwa anauza uwezo wa kutengeneza dozi milioni 100 kwa mwaka.

Najua wapo watakaosema naleta siasa kwenye uhai wa watoto. Watasema watoto wamepata kinga, wataalamu wetu wamesomeshwa, maabara zimejengwa, na hata GSK iliahidi kuuza kwa gharama pamoja na nyongeza isiyozidi asilimia 5. Yote ni kweli, na sina ugomvi na wanasayansi wala wazazi waliokubali. Wazazi wale ni mashujaa. Ugomvi wangu ni na waliokaa upande wetu wa meza kwa niaba ya wazazi wale. Walipotoa kibali, waliandika wapi kwamba chanjo ikifaulu sehemu ya kazi, hata ya kujaza chupa na kufungasha, ifanyike kwetu? Kama iliandikwa, tuonyeshwe. Kama haikuandikwa, tuelezwe kwa nini.

Wengine watasema tungepewa kiwanda tungekiua. Hapo wana hoja, na lazima tuikabili. Kibaha kuna kiwanda cha kutengeneza dawa ya kibayolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu. Teknolojia ilitoka Cuba, kampuni ya Labiofam, mwenye mali ni serikali yetu kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa. Huo ndio ushirikiano ninaoulilia: elimu imekuja, mitambo imekuja, kiwanda ni chetu. Kikazinduliwa mwaka 2015. Kufika Juni 2017 dawa ilikuwa imelala ghalani, hadi Rais Magufuli alipokwenda mwenyewe na kuziamuru halmashauri zikachukue. Kiwanda cha umma, mbu wa umma, malaria ya umma, na mnunuzi hakuna!

Afrika Kusini yaliwakuta yaleyale. Machi 2022 kampuni ya Aspen ilipata leseni ya kutengeneza na kuuza chanjo ya korona ya Johnson & Johnson kwa jina lake yenyewe. Bara zima lilishangilia. Oda hazikuja.

Lakini nendeni Arusha. Mwaka 2003 Sumitomo Chemical ya Japani iliipa A to Z Textile Mills teknolojia ya vyandarua vyenye dawa ya kudumu, bila kudai malipo ya hataza. Kiwanda kikakua, kikaajiri maelfu, wengi wao wanawake. Kwa nini Arusha ikasimama na Kibaha ikayumba? Kwa sababu Arusha ilikuwa na mnunuzi tangu mwanzo: mashirika ya kimataifa yalikuwa yanatafuta vyandarua kwa mamilioni. Somo ni jepesi. Ushirikiano usio na oda iliyosainiwa ni jengo lenye utepe.

Jambo la mwisho ni siri. Katika mkutano mmoja na waandishi, taasisi sitaitaja, niliuliza nani atamiliki matokeo ya utafiti uliokuwa ukisainiwa. Nikajibiwa kwa tabasamu kwamba "hayo ni mambo ya ndani", na kipaza sauti kikapelekwa kwa mwenzangu. Ya ndani ya nani? Damu inatoka kwa nani?

Afrika Kusini walikataa jibu kama hilo. Shirika la Health Justice Initiative lilikwenda mahakamani, na Agosti 2023 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamuru mikataba ya chanjo za korona iwekwe wazi. Ilipofunguliwa, watu walishika vichwa. Nchi ilikuwa imelipa dola 10 kwa dozi ya Johnson & Johnson, zaidi ya Ulaya, na dola 5.35 kwa dozi ya AstraZeneca kutoka Serum, zaidi ya mara mbili ya bei ya Ulaya. Na ilikuwa imekubali kutozuia chanjo zilizofungashwa kwenye ardhi yake zisisafirishwe nje. Mwaka 2021, huku wananchi wake wakifa, dozi zilipandishwa ndege kwenda Ulaya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililofungiwa kabatini halina tofauti na daftari lisilokuwepo.

Muda wenyewe hautusubiri. Shirika la Biashara Duniani limeziruhusu nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo, zisilazimike kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Bangladesh imeitumia nafasi hiyohiyo kujenga viwanda vya dawa. Umoja wa Afrika nao ulitangaza mwaka 2021 kwamba ifikapo 2040 asilimia 60 ya chanjo za bara hili zitengenezwe hapahapa, wakati tunatengeneza chini ya asilimia 1. Lengo zuri. Ila 2033 inafika kabla ya 2040, piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo, wewe uliyesoma bayoteknolojia na sasa unauza vocha, wewe mwanasheria unayegombea kesi za viwanja, na wewe mwandishi mwenzangu unayepokea bahasha ya nauli: siku mkisikia "ushirikiano" umesainiwa, ulizeni mambo matatu. Matokeo ni mali ya nani? Kitatengenezwa wapi? Nani ameahidi kununua, kwa bei gani? Wakishindwa kujibu, msiandike kwamba ushirikiano umesainiwa. Andikeni kwamba Bagamoyo imetumika tena.

Naomba kuwasilisha.