Wahandisi wapya na joto linalopotea mitamboni

KITUO cha Kinyerezi II jijini Dar es Salaam, kilichokamilika mwaka 2018, kina uwezo wa megawati 240, na ni darasa ambalo mhitimu wa uhandisi hawezi kulipata kwa kukariri kanuni pekee.

Mitambo sita huchoma gesi asilia. Moshi wake, ungali na joto la mamia ya nyuzi, hauachwi upotee angani; huelekezwa kwenye maboila, hugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke huo huendesha mitambo mingine miwili. Kwa kawaida mtambo wa gesi ukiwa peke yake hugeuza takriban theluthi moja ya joto kuwa umeme. Ukiunganishwa na wa mvuke, kiwango hukaribia nusu. Tofauti hiyo ni gesi, na gesi ni fedha.

Chuoni mhitimu amefundishwa ukomo aliouonyesha Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824, kwamba si joto lote liwezalo kugeuzwa kuwa kazi. Asichokijua ni sura yake kazini. Jua la Dar es Salaam likiwaka, hewa huwa nyepesi na mtambo wa gesi hupungua nguvu, ingawa hakuna kilichoharibika. Kijana asiyelijua hilo atafungua mashine nzima.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahitimu. Swali ni wangapi watafikishwa kwenye boila, sasa ambapo Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeifanya gesi ionekane ya akiba. Mwaka 2006, na tena 2011, maji yalipopungua mabwawani, nchi iliingia kwenye mgawo. Mvua zikikosekana tena, macho yatageukia Kinyerezi, na mhandisi wa zamu huenda akawa mhitimu wa mwaka huu.