Mtoto mwenye pumu aulizwe mwenyewe

Katika taarifa za mwezi za kituo cha afya, mtoto mwenye pumu huonekana anapohudhuria, anapolazwa na anapofariki. Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya nchini Tanzania, vimepangwa kuhesabu hivyo. Hesabu hizo ni za lazima, kwani bila hizo hakuna wa kuagiza dawa wala wa kupanga vitanda. Lakini mtoto anayekuja kliniki mara moja kwa mwezi ana siku nyingine zote ambazo mfumo hauna habari nazo. Kuna usiku aliokesha ameegemea ukuta kwa sababu akilala chali kifua kinambana. Kuna mchezo wa rede alioutazama akiwa pembeni. Kuna hofu anayokwenda nayo shuleni, kwamba pumu ikimshika darasani wenzake watamzunguka na kumkodolea macho. Tiba ya pumu ipo kwa ajili ya siku hizo. Ndiyo maana nashikilia kwamba hali ya maisha ya mtoto, kama anavyoieleza yeye, inastahili kupimwa na kuandikwa kwenye faili lake kama uzito na joto la mwili vinavyoandikwa.

Wapo watakaouliza: kwani mapafu si yanapimika? Yanapimika, pale kipimo kilipo, na zahanati nyingi hazina. Hata hivyo pumu ni ugonjwa wa kuja na kuondoka. Njia za hewa zilizojibana saa nane za usiku zinaweza kuwa zimefunguka vizuri saa nne asubuhi, mtoto anapopuliza mbele ya daktari. Tafiti zilizolinganisha namba za mapafu na maelezo ya watoto kuhusu maisha yao zimekuta mara nyingi kwamba uhusiano kati ya hivyo viwili ni hafifu. Si kwamba kimoja kinasema kweli na kingine kinadanganya. Kila kimoja kinapima jambo lake, na sisi tumezoea kuliamini lile lenye mashine.

Mojawapo ya kazi zilizofungua njia ya kumuuliza mtoto mwenyewe ilifanywa Kanada, katika Chuo Kikuu cha McMaster mjini Hamilton. Mwaka 1996 Elizabeth Juniper, Gordon Guyatt na wenzao walichapisha dodoso la watoto wenye pumu wa umri wa miaka 7 hadi 17. Lina maswali 23 kuhusu wiki iliyopita: 10 ya dalili, 5 ya shughuli na 8 ya hisia. Mtoto huchagua jibu kuanzia 1, yaani alisumbuka kupita kiasi, hadi 7, yaani hakusumbuka kabisa. Walilijaribu kwa watoto 52 waliofuatiliwa kwa wiki 9, na wakaona kwamba wastani ukipanda au kushuka kwa karibu nusu alama, mtoto mwenyewe huhisi kuwa kuna kilichobadilika. Kwa maoni yangu, uzuri wa dodoso hili uko kwenye yale maswali ya shughuli. Matatu kati ya hayo matano hayana shughuli iliyoandikwa tayari. Mtoto ndiye anayetaja mambo anayoyafanya na kuyapenda ambayo pumu inamharibia, kisha anaulizwa juu ya hayo hayo kila anaporudi. Mtoto wa Hamilton anaweza kutaja baiskeli. Wa Tanga anaweza kutaja chandimu, kubeba ndoo ya maji kutoka bombani, au kwenda madrasa kwa miguu bila kusimama njiani. Dodoso halimlazimishi mmoja aishi maisha ya mwingine. Na upande wa hisia linauliza mambo ambayo mtu mzima asingeyafikiria haraka, kwa mfano kama mtoto alijiona ametengwa, au alikasirika kwa kushindwa kwenda sambamba na wenzake.

Timu hiyo hiyo iliuliza jambo lingine mwaka 1997: je, mzazi anaweza kujibu kwa niaba ya mtoto? Kwa watoto wa chini ya miaka 11, mtoto aliposema nafuu imekuja au hali imezidi, kauli yake iliendana na alama za hali ya maisha yake. Kauli ya mzazi haikuendana nazo. Ilielekea zaidi kufuata vipimo vya njia za hewa na udhibiti wa ugonjwa. Mzazi anaona kitu, na anachokiona kina maana kwa daktari. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hata kama wewe ndiye uliyekitandika.

Sasa tazama kinachotokea katika vyumba vyetu vya daktari. Mama anaingia, mtoto anamfuata, swali linaelekezwa kwa mama: anakohoa? analala? anakula? Mtoto wa miaka tisa anakaa kimya kwa sababu amefundishwa kwamba wakubwa wakizungumza mdogo hadakii. Ni malezi mema, na siombi yavunjwe. Naomba daktari, ambaye naye ni mkubwa, ampe mtoto ruhusa kwa kumgeukia na kumuuliza kwa jina lake. Mama atasikiliza kwanza, kisha zamu yake itafika. Ruhusa hiyo ina uzito hasa pale mtoto anapoficha jambo. Wako wanaoacha pampu ya dawa nyumbani kwa aibu ya kuonekana nayo shuleni, na wako wazazi wanaoichelewesha kwa kuamini kwamba ukishaizoea huwezi tena kuishi bila hiyo.

Hata vipimo vifupi vilivyotengenezwa kwa nia njema huegemea kwa mzazi. Kipo kimoja kinachotumika sana kwa watoto wa miaka 4 hadi 11, chenye maswali 7. Manne hujibiwa na mtoto kwa kuonyesha picha za nyuso, matatu na mzazi. Jumla ya juu ni 27, na alama 19 au pungufu huhesabiwa kuwa pumu haijadhibitiwa. Ukigawa alama hizo, maswali manne ya mtoto yana jumla ya 12 na matatu ya mzazi yana 15. Kwa mtoto wa miaka minne mgawo huo naufahamu. Kwa wa miaka kumi siukubali.

Lakini yuko mtu mmoja anayeweza kutudanganya bila kukusudia, naye ni mtoto huyo huyo. Mtoto aliyeumwa kifua tangu akiwa mchanga hupunguza maisha yake kidogo kidogo mpaka yatoshe ndani ya pumzi aliyonayo. Haachi mpira siku moja. Anaanza kwa kuwa golikipa, halafu anakuwa mwamuzi, halafu anakuwa mtunza viatu vya wenzake. Ukimuuliza kama mpira unamsumbua kifua, atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli, maana hachezi. Alama zinapanda, daktari anaridhika, na mtoto amepoteza kitu ambacho hakuna karatasi inayokionyesha. Hili ndilo pingamizi ninalolipa uzito kuliko yote dhidi ya madodoso ya hali ya maisha. Dawa yake, nadhani, ni kuuliza pia juu ya yale yaliyoachwa: nini ulikuwa unafanya ambacho siku hizi hufanyi? Wenzako wanafanya nini ambacho wewe hukijaribu? Majibu yake hayageuki namba kirahisi, na si lazima yageuke. Yaandikwe kwa maneno yake.

Pingamizi la pili ni la umaskini. Dodoso refu linakula muda, lina hakimiliki, na mganga mwenye foleni ya watu hamsini hana nafasi ya maswali 23. Zaidi ya hapo, utafiti wa ACACIA uliofanywa katika miji sita ya Afrika, Kampala ikiwemo, ulikuta kwamba watoto wengi wenye dalili za pumu hawajawahi hata kuambiwa kuwa wana pumu. Mtu anaweza kusema: kwanza watambuliwe, kwanza wapate dawa, hayo ya furaha ya mtoto yatafuata. Naielewa hoja hiyo, na naikataa kwa sababu ya namna pumu inavyotibiwa kwetu. Mtoto akipata pampu ya kutuliza peke yake, ambayo kwa kawaida ni ya buluu, kifua hufunguka na huondoka kliniki akipumua vizuri. Katika kitabu huyo ametibiwa. Uvimbe ndani ya njia za hewa unabaki, kwa kuwa unapunguzwa na dawa ya kuzuia, ile ya steroidi ya kuvuta, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu na ambayo bado ni adimu katika vituo vingi. Anayeujua upungufu huo kwa mwili wake ni mtoto anayeamka usiku. Asipoulizwa, ukosefu wa dawa ya kuzuia hauonekani popote mpaka siku atakapolazwa.

Hivyo kliniki ya kawaida haihitaji maswali 23. Inahitaji kumuuliza mtoto kuhusu usiku, kuhusu siku za shule zilizompita na kuhusu alichokiacha, na majibu yaandikwe mahali ambapo daktari wa mwezi ujao atayakuta. Dodoso kamili libaki kwa watafiti na kwa hospitali chache zitakazolitumia kupima hali ilivyo kwa kipindi fulani, ili wizara ipate namba ya kuweka mezani wakati wa bajeti. Na kando ya majibu ya mtoto iandikwe pia kama siku hiyo dawa ya kuzuia ilikuwepo dirishani au haikuwepo. Miezi mitatu ikipita usiku wake ukiwa vilevile, anayekagua faili ataona kama tatizo ni namna mtoto anavyovuta dawa, ni moshi wa jiko la nyumbani, au ni bohari ambayo haikuleta dawa, na atajua aanze kumuuliza nani.