Turudishieni Ubavu wa Tairi

Gari la juu hapa kwetu linanunuliwa kwa sababu ya barabara. Muulize yeyote kwa nini ameacha gari dogo la bei nafuu akajitwisha Harrier, Prado au Forester, atakutajia mashimo ya masika, matuta yasiyo na alama, na njia ya kuingilia nyumbani Goba au Chanika ambayo greda likipita leo mvua inaifuta kesho. Sababu nzuri kabisa. Kisha mtu huyohuyo, mwezi haujaisha, analipeleka gari dukani ling'olewe matairi liliyokuja nayo, livishwe rimu za inchi 20 zinazong'aa na mpira uliozizunguka kama ukanda wa suruali. Wiki mbili baadaye analalamika kiuno.

Tupige hesabu, maana watu wa rimu hawaipendi. Harrier ya kizazi cha pili, ile iliyojaa mijini, inapatikana sana na tairi la 225/65R17. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Asilimia 65 ya 225 ni milimita 146 za mpira na upepo kati ya rimu na barabara. Sasa funga 245/45R20, ambalo kimo chake chote kinakaribia kuwa kilekile, na ndiyo maana fundi anakwambia "linaingia bila shida, bosi". Ubavu wake ni milimita 110. Zimekwenda milimita 36, robo nzima, na mahali pake imewekwa alminiamu. Alminiamu haibonyei.

Wengi wanadhani ulaini wa gari unatoka kwenye springi na shokapu. Hizo zinafuata. Springi ya kwanza ya gari lolote ni upepo ulio ndani ya tairi. Tuta pana, bonde la barabara, lami iliyosukumwa na malori ikajikunja, hayo ni ya shokapu. Lakini jiwe, ukingo mkali wa shimo, kiraka cha lami kilichoinuka, changarawe iliyofanya vijituta, mapigo yake ni ya haraka mno. Shokapu peke yake haiwahi kuyazima yote. Ubavu wa tairi ndio unaobonyea, unameza, unarudi. Ukiufupisha, kinachobaki cha pigo kinapanda: bushi, boljointi, bodi, kiti, mgongo wa mwenye gari.

Halafu kuna uzito. Rimu kubwa kwa kawaida ni nzito zaidi, na uzito huo haujabebwa na springi. Uko chini yake, unarukaruka pamoja na gurudumu. Shokapu iliyopimwa kiwandani kutuliza gurudumu moja inalazimishwa kutuliza jingine. Ukipita rafu rodi usukani unatetemeka hadi kwenye viwiko, unakimbilia gereji, unabadilishiwa shokapu ambazo hazikuwa na kosa. Mwezi ujao umerudi tena. Na fundi gani atakwambia ukweli, wakati kodi ya gereji yake inalipwa na kiburi chako?

Watetezi wana hoja moja wanayoipenda: gurudumu kubwa hupita shimo kwa urahisi. Kweli, tairi kubwa hupita. Gurudumu lenye kimo kirefu linadumbukia kidogo pale ambapo fupi lingezama. Lakini kimo cha gurudumu zima na ukubwa wa rimu ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakowatajirisha wauza rimu. Tazama magari ya mbio za Dakar ya daraja la T1+: matairi ya kimo cha inchi 37, rimu za inchi 17. Tofauti ni inchi 20, kumi juu na kumi chini, zote ubavu. Au tuje nyumbani. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, magari yale ya bei ya kutisha yalikimbia juu ya rimu za inchi 15. Mbio zikiwa za lami, madaraja hayohayo ya magari huvaa 18. Yaani wahandisi wa viwanda vikubwa wakifika kwenye vumbi letu wanashusha rimu, na sisi tunaolala na kuamka kwenye vumbi hilohilo tunapandisha!

Lawama si ya maduka peke yake. Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ilitembea juu ya rimu za inchi 16. Ya leo inaweza kuagizwa na za 23. Wachoraji wamepandisha mabega ya magari na kunenepesha milango, na chini ya mwili huo rimu ndogo inaonekana imepotea, basi wanachora kubwa. Kisha watu wa mauzo wakaigeuza cheo: toleo la chini linapewa 17, la kati 18, la juu 20. Unalipa zaidi ili uketi vibaya zaidi. Magari ya fedha nyingi yanaficha uovu huo kwa springi za upepo na kompyuta, na yanauficha vizuri, hadi siku mfuko mmoja wa upepo utakapotoboka uambiwe bei yake.

Haki yao niwape. Kwenye lami nyororo ya Muscat au Dubai, ubavu mfupi unafanya gari liitikie usukani upesi na lisilegee kwenye kona, na breki kubwa nazo zinahitaji nafasi ndani ya rimu. Anayeishi huko aendelee. Mimi nazungumza na anayevuka mtaro kila asubuhi.

Huyu ameingia kwenye mtego usio na mlango. Akitaka ulaini anapunguza upepo, na tairi lenye ubavu mfupi likipungukiwa upepo linabanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu. Nyuzi za ndani zinakatika, ubavuni inaota nundu, na tairi lenye nundu halizibwi pancha, linatupwa. Akiogopa nundu anajaza upepo kupita kiasi, gari linakuwa gumu kama lori tupu. Rimu nayo ikipata ufa inapelekwa kuchomelewa, inapigwa rangi ya fedha, inamtafuta mjinga mwingine.

Kwa hiyo kabla hujalipia gari kutoka Japani, acha kwanza rangi na redio, vuta picha ya tairi usome nambari zake. Kukiwa na toleo la inchi 17 na la 19 la gari lilelile, chukua la 17 na chenji ununulie matairi mazuri. Gari likishafika, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo. Hapo kiwanda kimekwambia bure kile ambacho duka linakuuzia uongo wake. Ukikuta ukubwa zaidi ya mmoja, shika wenye rimu ndogo. Na muuzaji akidai rimu ndogo haitavuka breki za gari lako, mwambie aifunge mbele yako, aizungushe kwa mkono, uone.

Aliyekwisha kufunga za 20 hajachelewa. Soko la rimu zilizotumika liko hai, na wanunuzi wake hawasomi makala kama hii.