Tumetunza Boma, Kilima Tunakigawa Viwanja

Mgeni akija Iringa nampeleka Boma kwanza. Wajerumani walilijenga liwe hospitali ya jeshi, na tangu 2016 ni makumbusho. Nalipenda lile jengo, sitaki kudanganya. Kisha nampandisha Gangilonga, tukae juu ya jiwe tuutazame mji jua likizama, na hapo ndipo hasira zinaponipanda.

Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Wazee wanasimulia kwamba Mkwawa alikuwa akipanda hapo kutafakari. Siku hizi mtu anapanda na kopo la rangi, anaandika jina la mpenzi wake (nadhani wengi wameshaachana). Chini, mabati yanasogea kilimani mwaka hadi mwaka.

Ukiuliza, unaambiwa maendeleo hayasubiri mawe. Jibu la kivivu hilo. Jina lenyewe la mji limetokana na lilinga, yaani ngome. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga Wajerumani waliishambulia kwa mizinga na kuiteka Oktoba 1894. Fuvu lake lilirudishwa 1954, likawekewa nyumba hapohapo Kalenga. Lakini ukuta wa ngome? Nenda ukautafute.

Sheria nayo haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa au kuchongwa na binadamu kabla ya 1863. Kwa hesabu hiyo ngome ya Mkwawa ni changa mno, na jiwe ambalo hakuna aliyelichonga halimo kabisa, mpaka waziri alitangaze. Yaani Mungu akiumba, tunangoja saini.

Mama yangu aligonga kokoto miaka mitatu ili mimi nisome. Kwa hiyo msiniletee lawama za wanawake wenye nyundo. Wanauza mawe kwa ndoo, wakanunue unga. Anayepima kiwanja mpaka kwenye kitako cha jiwe ana ofisi, ana ramani na ana mshahara. Huyo ndiye ninayegombana naye.

Ninachodai ni mstari mmoja kwenye ramani ya mji: kuanzia hapa kwenda juu hakuna kiwanja, hakuna hati, hata kwa mkubwa. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nitakwenda kuusemea. Wenzangu mnaopiga picha pale kila Jumapili, njooni nanyi.