Uvumilivu wa Mimea ya Jangwani: Sifa au Hatari?

Katika masomo ya elimu ya viumbe, mimea ya jangwani aghalabu husifiwa kama mashujaa. Mwanafunzi hukariri kwamba mmea huu una majani madogo, ule una mizizi mirefu, na mwingine huweka akiba ya maji katika shina. Kisha somo huishia hapo. Mafunzo ya namna hiyo hayatoshi. Uwezo wa kuvumilia ukame hauna budi kufundishwa pamoja na mahali ulikotokea, kwani mmea uliohamishwa waweza kuutumia uwezo uo huo kuleta madhara.

Msingi wa jambo lenyewe ni huu. Ili mmea ujitengenezee chakula, hulazimika kufungua matundu madogo sana ya majani, yaitwayo stomata, uingize kaboni dioksaidi. Lakini matundu hayohayo hupoteza maji. Mimea ya nchi kame huikabili shida hii kwa njia mbalimbali. Baadhi ya mimea ya msimu huukwepa ukame kabisa: mbegu zake hulala ardhini hata miaka kadhaa, na mvua inyeshapo huota, huchanua na kuzaa katika majuma machache. Mkonge hufungua stomata usiku, wakati wa baridi, huiweka kaboni dioksaidi katika hali ya asidi, na kuitumia mchana matundu yakiwa yamefungwa. Miti mingine huyafuata maji chini. Mwaka 1963 ilitolewa taarifa ya mizizi ya mti wa jamii ya Prosopis iliyoonekana kwenye kina cha mita 53 katika mgodi wa Arizona, Marekani.

Hakuna mmea uliokusudia kufanya hivyo. Katika vizazi vingi, mimea yenye maumbile ya kufaa ndiyo iliyosalia na kuzaa, nayo mengine yakapotea. Kilichoyachuja maumbile hayo ni mazingira maalum: mvua, udongo, wanyama na wadudu wa mahali pale.

Wakazi wa Baringo, nchini Kenya, wanaujua ukweli huu kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa huko mti uitwao mathenge, yaani Prosopis juliflora, ambao asili yake ni Amerika. Nia ilikuwa njema: kupata kuni na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mti ukastawi kupita matarajio. Maganda yake yana sukari. Mbuzi na ng'ombe huyala, na mbegu hupita tumboni zikiwa hai, zikaota katika samadi. Ukikatwa, huchipua tena kutoka kisikini. Vichaka vyake vya miiba vikafunika malisho na njia za mifugo, na mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu haribifu. Ni kweli kwamba mti huo hutoa mkaa mzuri na chakula cha mifugo. Lakini mfugaji aliyepoteza nyasi zake hawezi kufidiwa kwa mkaa peke yake.

Yafaa kuulinganisha na mkonge, ambao nao ulitoka Amerika na kuingizwa Tanganyika mwaka 1893. Mkonge pia ni hodari wa ukame, lakini kwa kawaida huzaana kwa machipukizi ya shinani na kwa vimiche vinavyoota juu ya mlingoti wake, wala hausafirishwi tumboni mwa mnyama. Kwa hiyo mimea miwili yenye uvumilivu unaofanana ilileta matokeo mbalimbali kabisa.

Nchi zetu zitaendelea kupanda miti katika maeneo makavu, na wengi watakaoichagua ni wanafunzi wa leo. Ingefaa basi kila mwalimu awatoe wanafunzi wake nje ya darasa, hata kama ni kwenye mgunga mmoja ulio kando ya uwanja, na kuwauliza maswali matatu: mmea huu huyapataje maji? Mbegu zake huenezwa na nani? Ni kitu gani kinachouzuia usijae kila mahali? Swali la kwanza limo vitabuni tayari. Yale mawili ya mwisho ndiyo yaliyohitaji kuulizwa Baringo kabla ya mche wa kwanza kutiwa ardhini.