Kaunti yafunga chumba cha masomo, nyumba za kukodi kwa usiku haziguswi



Naandika nikiwa na hasira ambayo haijapoa. Jana alasiri maafisa wa leseni wa kaunti yetu hapa Pwani, wakifuatana na askari, waliingia katika chumba ambacho kikundi chetu cha akina mama hukitumia kuwasaidia watoto wa mtaa masomo ya jioni. Wakawaamuru watoto wabebe vitabu vyao watoke, kisha wakatia kufuli. Kosa letu, walisema, ni kuendesha taasisi ya mafunzo bila leseni ya biashara. Hawakutuachia hata kipande cha karatasi. Nilipoomba sababu kwa maandishi, mkubwa wao alinijibu, "Mama, njoo ofisini."

Biashara gani hiyo? Hakuna mtoto anayelipa hata shilingi moja pale. Kodi ya chumba na stima hulipwa kwa michango ya wanachama, wengi wao wachuuzi wa viazi karai na mahamri, na walimu wawili wastaafu hufundisha kwa kujitolea. Watoto wanaokuja ni wale ambao nyumbani kwao chumba ni kimoja, baba, mama na ndugu wote humo humo, na taa huzimwa mapema. Wapo watahiniwa wa mwaka huu kati yao. Tumesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, cheti chetu kimetundikwa ukutani, na maafisa walikisoma kabla ya kufunga mlango.

Sasa nieleze kinachonichoma zaidi. Tunapakana ukuta na jengo la ghorofa tano. Lilijengwa kwa ajili ya familia, na ndivyo lilivyokaliwa miaka nenda miaka rudi. Leo orofa za juu zote zimekuwa nyumba za kukodi kwa usiku. Wapangaji walipewa notisi mmoja baada ya mwingine, wakaondoka na watoto wao, yakaingia makochi mapya na televisheni kubwa. Funguo huwekwa ndani ya kisanduku cha nambari za siri pale mlangoni. Mgeni huingia saa nane za usiku bila kuonana na mtu, na bawabu hana daftari la majina. Ijumaa muziki ukianza, tunausikia mpaka Jumapili. Kuna mama mzazi aliyelazimika kuhamia kwa dada yake ili kichanga chake kipate usingizi. Maafisa wale wale wa leseni walipita mbele ya lango la jengo hilo kuja kwetu, na hawakubisha hodi.

Leo asubuhi nikaenda ofisini kama nilivyoagizwa. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, sina neno naye. Alifungua kompyuta akanionyesha orodha ya biashara ambazo mfumo unazikubali: duka, hoteli, saluni, kinyozi, chuo cha kibinafsi, na nyingine chungu nzima. Kikundi cha kujitolea kisichouza kitu hakimo. Akaniambia njia iliyopo ni tulipe kama chuo cha kibinafsi, na kabla ya hapo tulete cheti cha zimamoto na cha afya, kila kimoja na ada yake. Nikapandishwa orofani kwa afisa wa biashara, naye akanituma kwa watu wa ustawi wa jamii. Kule nikaambiwa wao ni wa serikali ya kitaifa, walichokuwa na uwezo nacho ni kutusajili, ya leseni za kaunti hayawahusu. Nikarudi kwa afisa wa biashara, nikakuta ameenda kula. Nilimngoja kwenye benchi mpaka ofisi zikaanza kufungwa.

Katika kungoja huko nilimuuliza yule kijana wa dirishani kuhusu jengo la jirani: lina leseni gani? Akatafuta, hakuona kitu. Akasema nyumba za namna hiyo ni mambo ya utalii, yanashughulikiwa Nairobi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hawa watu hawasomi Katiba waliyoapa kuilinda. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti utalii wa mashinani, leseni za biashara, mipango ya ujenzi, na udhibiti wa kelele na kero nyinginezo za umma. Yote hayo yako katika jengo moja ninaloliona kupitia dirisha langu. Ni kweli Sheria ya Utalii ya 2011 iliunda mamlaka ya kitaifa ya kusimamia malazi, lakini hakuna kifungu kinachosema afisa wa kaunti azibe masikio. Na Kifungu cha 47 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi ya umma unapomdhuru. Sisi tumefungiwa kwa mdomo.

Au tumesahau ya Januari 2024? Wanawake vijana waliuawa ndani ya nyumba za kukodi kwa muda mfupi jijini Nairobi, nchi nzima ikashtuka, maelfu wakaandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine. Serikali ikatoa amri nyumba hizo zisajiliwe na wageni wajulikane. Tulipiga makofi. Mimi ni mama wa mabinti, na nilidhani kuanzia siku ile hakuna mlango utakaofunguliwa kwa nambari za siri bila mtu kuandika jina la anayeingia. Nauliza viongozi wetu: amri ile ilifika Pwani?

Miji mingine imethubutu. New York, tangu Septemba 2023, huwezi kukodisha nyumba yako kwa chini ya siku 30 mpaka ujisajili kwa serikali ya mji, uwe unaishi humo humo, na wageni wasizidi wawili. Barcelona ilitangaza Juni 2024 kwamba leseni za nyumba za watalii, zaidi ya 10,000, hazitaendelea baada ya mwaka 2028. Sisemi tufike huko. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: nyumba hizi zimewapa riziki vijana wanaofua mashuka, wenye tuktuk na wavuvi wanaouza kamba na pweza mlangoni, na mjane mwenye chumba kimoja cha ziada asibughudhiwe. Lakini mtu aliyegeuza orofa tatu kuwa hoteli na alipe kama hoteli, aweke daftari la wageni, azime muziki usiku, na aache namba ya simu inayopokelewa.

Tena hawa wageni wanatumia maji. Mtaa wetu hupata maji ya mfereji kwa kubahatisha, nasi hununua mtungi wa lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Jengo la jirani huletewa bowza, na siku mfereji ukitoa, mashine zao za kuvuta huyanyonya yote kabla hayajatufikia. Maji ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho yamekuwa yakiahidiwa kuongezwa tangu mimi ni msichana. Kila anayegombea kiti hapa huanza hotuba yake na maji, na akishapita huchimbiwa kisima chake binafsi.

Wanasiasa hao hao ndio wanaotujua sana vikundi vya akina mama wakati wa kura. Mwaka 2022 walijaa katika chumba hicho kilichofungwa jana. Walituletea leso zenye picha zao, viti vya plastiki na ahadi ya kompyuta kwa watoto, wakapiga picha na cheti chetu nyuma yao. Leo nimempigia mwakilishi wa wadi yetu mchana kutwa, simu yaita tu. Bunge la kaunti ndilo linalopitisha sheria ya fedha kila mwaka na kuamua nani alipe nini. Wakati wa maoni ya umma ukifika, tutakwenda na kutaka mambo mawili yaandikwe: kundi la ada lisilotozwa kitu kwa vikundi vya kujitolea vilivyosajiliwa, na leseni ya lazima kwa kila nyumba ya kukodi kwa usiku, yenye jina la mwenyewe na masharti ya kelele.

Na mwaka 2027 wasilete leso. Watakaponyoosha mkono kutusalimia, tutawauliza mbele ya watu kwa nini watahiniwa wetu walitolewa darasani na askari.

Mweka hazina wa kikundi cha akina mama,
Pwani