Kabla ya kipimo cha jeni, mtoto amalize dawa

Juma hili nataka tuzungumze kuhusu uvimbe ambao aghalabu hugunduliwa na mama, wala si na daktari. Ni jioni, mtoto yumo karaini anaogeshwa, na mkono wa mama unapopita ubavuni unakutana na kitu kigumu ambacho juzi hakikuwapo. Mtoto hana homa. Halii. Anacheza na maji kama kawaida yake.

Wengi husema ni minyoo. Wengine husema ni bandama, na nyanya huenda akataka tumbo likandwe kwa mafuta. Yawezekana kweli ni bandama. Lakini kwa mtoto ambaye hajaanza shule, uvimbe wa namna hiyo waweza kuwa saratani ya figo iitwayo uvimbe wa Wilms, kwa jina la daktari mpasuaji wa Ujerumani, Max Wilms, aliyeandika kuuhusu mwaka wa 1899. Tumbo kama hilo halikandwi wala halibonyezwi-bonyezwi, kwa maana uvimbe huo waweza kupasuka na kuzimwaga seli zake tumboni. Mtoto apelekwe hospitalini akapigwe picha ya altrasaundi. (Saratani ya figo ya watu wazima ni maradhi mengine. Kwao, damu kwenye mkojo, hata isiyo na maumivu, isingoje wiki ijayo.)

Nimelazimika kuandika haya kwa sababu ya baba mmoja, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Kajiado, aliyekuja kliniki yangu hapa Kitengela akiwa na karatasi mkononi. Binti yake wa miaka 3 alikuwa ametolewa figo moja jijini Nairobi na kuanzishiwa dawa. Ndugu yake aliye ng'ambo alikuwa amemtumia maelezo ya kipimo cha jeni ambacho, kwa maneno ya barua hiyo, kingeonyesha kama saratani itarudi au la. Alikuwa tayari kuuza ng'ombe 4 ili kipande cha uvimbe kipelekwe nje. "Daktari," akaniuliza, "hiki kitaniambia kama mtoto wangu atapona?"

Lilikuwa swali la haki, na sikutaka kulipuuza. Sayansi hiyo ipo. Jeni ya kwanza kuhusishwa na uvimbe huu, WT1, ilitambuliwa mwaka wa 1990. Tangu hapo wataalamu wamejifunza kusoma alama ndani ya seli za uvimbe. Pale kipande cha kromosomu ya 1 kinapokuwa na nakala ya ziada, hatari ya saratani kurudi huongezeka. Pale vipande fulani vya kromosomu ya 1 na ya 16 vinapokosekana kwa pamoja, hatari huongezeka vilevile, na madaktari wa Marekani wamewapa watoto wa aina hiyo dawa kali zaidi na kuona matokeo yakiboreka. Hiyo ndiyo faida ya alama: zinamsaidia daktari kujua nani aongezewe dawa na nani apunguziwe.

Wala watoto wetu hawakuachwa nje kabisa. Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, pamoja na wenzao wa Kenya, walichapisha uchunguzi wa uvimbe uliotolewa kwa watoto wa humu nchini. Waliona alama zilizowafanya washuku kwamba uvimbe wa hapa huenda ukawa sugu zaidi kwa dawa. Sampuli zilikuwa chache, lakini swali ni zito, na naunga mkono lichunguzwe kwa kina.

Hata hivyo, kuna utafiti mwingine, wa mwaka wa 2013, uliofuata watoto 133 wa Kenya wenye uvimbe huu. Huo ndio niliomwelezea baba yule kinagaubaga. Nusu ya watoto walipotea, yaani waliacha kuja hospitalini na haikujulikana waliishia wapi. Waliomaliza matibabu yote yaliyopangwa walikuwa 33 tu. Lakini miongoni mwa hao 33, asilimia 94 walikuwa wakiendelea vyema baada ya miaka 2.

Msomaji makini atanipinga hapa, na ana haki: mtoto aliyefariki mapema hakupata nafasi ya kumaliza dawa, kwa hivyo hao 33 huenda walikuwa na bahati tangu mwanzo. Nakubali. Hata tukipunguza kwa sababu hiyo, pengo linalobaki ni kubwa mno. Na utafiti uo huo ulionyesha kwamba waliokuwa na kadi ya NHIF, bima ya taifa ya wakati huo, walifanya vyema zaidi kuliko wasiokuwa nayo. Kadi haibadilishi kromosomu hata moja.

Nilimwomba baba yule kadi ya kliniki ya mtoto. Alikuwa amekosa kudungwa dawa mara 2. Kwa nini? Akasita. Kutoka Kajiado hadi jijini ni takriban kilomita 80, nauli ya watu wawili, siku nzima bila biashara. Zaidi ya hayo, mtoto alikuwa amepona! Uvimbe ulitolewa, tumbo likarudi chini, alikuwa anakimbizana na mbuzi. Ya nini kumrudishia sindano zinazomtapisha na kumnyonyoa nywele?

Hapo ndipo tunapowapoteza. Dawa baada ya upasuaji ni za kuua seli ambazo jicho halizioni. Na mara nyingi sisi madaktari hatulielezi jambo hilo kwa lugha ambayo mzazi ataibeba hadi nyumbani. Tunaandika tarehe ya kurudi na kuita mgonjwa anayefuata.

Maoni yangu ni kwamba pesa za umma zianze na nauli, mahali pa mama na mtoto kulala jijini usiku mmoja, na mtu wa kupiga simu siku mtoto anapokosa kufika. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000 na kuwapa simu za kazi. Ni kitu gani kinachozuia jina la mtoto aliyekosa dawa Nairobi kumfikia mhamasishaji wa kijiji chake Kajiado jioni iyo hiyo? Vilevile, NHIF iliondolewa na SHA ikachukua nafasi yake Oktoba 2024, na nakutana na wazazi wanaodhani kadi ya zamani ingali inafanya kazi. Jisajilini, na muwaandikishe watoto, kabla ya ugonjwa kubisha hodi.

Tena kuna kitu ambacho hakihitaji kuvuka bahari. Hadubini ya kawaida, ikitumiwa na mtaalamu mzoefu, huonyesha kama seli za uvimbe ni za aina kali, na upasuaji wenyewe huonyesha saratani imefika wapi. Hayo mawili yalikuwa tayari yameandikwa katika faili ya binti yule, na hakuna aliyekuwa amemsomea baba yake. Tuliyasoma pamoja, mstari kwa mstari, mtoto akiwa amelala begani.

Aliikunja karatasi ya ndugu yake, akaitia mfukoni. Hakuitupa, nami sikumwambia aitupe. Kisha akaniuliza kama kuna matatu inayotoka Kajiado mapema ya kutosha kuwahi kliniki ya Jumanne.